Barua Niliyoibeba Mwenyewe

Mdogo wangu Rebeka,

Mko salama huko nyumbani? Mimi niko steshoni ya Thika, manyunyu hayajakatika tangu asubuhi, na nanasi nililonunua hapa sijalikata.

Ile kazi ya kufundisha ng'ambo, kwenye shule ya watoto wa mataifa mengi, imekwisha kabla ya kuanza. Jana nilifika Ruiru kwa yule mama Mzungu mwenye shamba la kahawa, ambaye ndugu yake ndiye mkuu wa shule hiyo. Alitazama cheti changu akasema, "Hesabu unazijua, Mwalimu." Ndipo nikampa barua ya padri wetu. Siku mbili kwenye treni niliiweka ndani ya Biblia, gundi haijaguswa, maana misheni ilitufunza kwamba barua ya mtu haifunguliwi.

Aliisoma, kisha akanipa niisome mwenyewe. Padri ameandika kwamba hana mwalimu mzuri kunishinda, kwa hivyo tafadhali niambiwe nafasi imejaa, nirudi.

"Pole," mama akasema. "Nilikuwa nimeshaandika jina lako, lakini siwezi kumnyang'anya padri mwalimu wake."

Mwambie Mama nitafika Jumamosi na sukari yake. Jumatatu nitamwamkia padri kama kawaida, nipige kengele, watoto waingie darasani.

Nawe, mdogo wangu, Mungu akulinde. Siku padri atakapokupa barua yako ya kwenda kusomea unesi, mshukuru kwa mikono miwili, halafu uifungue kabla hujatoka getini.

Ndugu yako, Yohana