Samaki Niliowapa Maji ya Wageni

Kitui mjini,
Jumapili, baada ya ibada

Mwaitu, mama yangu mpendwa,

Mimi Mueni wako nakusalimu kwa jina la Bwana, na kabla sijauliza ng'ombe wala mahindi, nauliza jino. Limeamkaje? Kaka Musyoka ameniambia kwamba shavu limefura tena, kwamba wiki nzima umekunywa uji tu, na kwamba kanisani kwaya ya akina mama iliimba wewe ukiwa umekaa kwenye benchi, umejifunga kitambaa kidevuni. Nikikupigia mimi unasema, "Hakuna jino, ni upepo." Upepo gani huo, Mama, unaofurisha upande mmoja?

Mimi ni mzima, nakula vizuri na kulala. Nimeandika barua kwa sababu kwa simu huwa unakata nikifika kwenye neno daktari, na barua haina kitufe chekundu. Nimeandika kwa Kiswahili kwa sababu msomaji wako ni Wanjiru, mke wa Musyoka, na huyo mtoto wa watu wa Murang'a akisoma Kikamba anakichinja. Wanjiru, soma yote, usiruke mahali, hata akikukazia macho.

Unajua hapa kwa daktari wa meno mimi ndiye ninayepokea wagonjwa, naandika majina, napiga deki. Ambacho sijakuambia ni kwamba kazi yangu kubwa ni kuzuia watu wasitoroke. Kuna mchinjaji mmoja wa hapa mjini, jitu la mwili, kila asubuhi anaangusha ng'ombe. Alikuja na jino lake, akasikia ile mashine ikilia huko ndani, akaniomba choo. Choo chetu kina dirisha moja dogo. Mpaka leo sijui yale mabega yalipitaje.

Daktari akachoka. Akasema amesikia kwamba kutazama samaki kunatuliza moyo, akanunua tangi la kioo, akaliweka kwenye chumba cha kungojea, akaniambia, "Mueni, jaza hili. Samaki, konokono, mimea, wewe chagua." Mimi? Mtoto wa milima ya Kilungu, samaki niliyemjua ni yule wa kukaangwa! Lakini kuuliza si ujinga. Nikampigia mama mmoja wa Machakos anayeuza samaki wa mapambo.

Daktari mwenyewe alitaka samaki mmoja mkubwa mwenye meno. Ati watu waone meno yenye afya. Nikamwambia, "Daktari, mtu amekuja anatetemeka kwa ajili ya meno, halafu unamkaribisha na meno mengine?" Yule mama wa Machakos naye akasema huyo mkubwa atawameza wenzake wote na bado atakutazama kama mwenye njaa. Basi tukakubaliana wadogo. Nikachagua gapi kumi, samaki wasiozidi kidole kidogo, madume yana mikia ya rangi rangi kama leso mpya. Nikachagua wengine kumi wembamba, wenye mstari wa buluu unaowaka. Konokono wa maji wanne, wa kula mabaki na ule ukijani wa kwenye kioo. Na mimea miwili, mmoja wa kupandwa mchangani, mwingine wa kuelea tu bila shida na mtu. Mchanga sikununua. Kitui hii, mtu anunue mchanga? Niliuchota mtoni, nikauosha mara saba.

Sasa sikia aibu yangu, na Wanjiru asicheke akiwa anasoma.

Wageni walifika kutoka Machakos ndani ya ndoo yenye kifuniko. Na wewe ulitufundisha nini, Mama? Mgeni hapewi maji ya kisima cha pampu, yale ya chumvi yanayokataa povu la sabuni na kuharibu chai. Mgeni anapewa maji ya mvua, ya kwenye tangi, na kwanza unayatia dawa ya maji asije akaumwa na tumbo kwako. Basi mimi nikachota maji ya mvua, nikajaza kioo, nikatia dawa. Kifuniko kimoja cha chupa ya dawa kwa ndoo moja, si ndivyo? Nikaongeza viwili vya heshima. Halafu nikawakaribisha.

Aiya! Hata sijamaliza kukausha mikono, wote wako juu, midomo wazi, wanahema. Wengine wanalala ubavu. Na chumba kimejaa wagonjwa, wote wanatazama, maana si ndiyo kazi tuliyowaletea? Mzee mmoja aliyekuja kung'olewa gego akawaangalia samaki, akaangalia mlango wa daktari, akasema kwa sauti ya mahubiri, "Hata samaki wamemuogopa." Akavaa kofia, akatoka. Watu watano wakamfuata.

Nikapiga simu Machakos.

"Umewawekea nini?" yule mama akauliza.

"Maji ya wageni."

"Maji ya wageni ni gani?"

"Ya mvua. Na dawa."

"Dada, hiyo dawa kazi yake ni kuua vitu vidogo vinavyoishi majini. Sasa hao samaki unaona ni nini?"

Akaniuliza kuna maji gani mengine, nikamwambia kwa sauti ya chini, kama mtu anayetaja deni, kwamba kuna yale ya kisima cha pampu, lakini ni ya chumvi, hata mbuzi anayanusa kwanza. "Wahamishe sasa hivi!" akapiga kelele. Niliwahamisha mmoja mmoja kwa kikombe cha chai cha daktari, mpaka kwenye beseni la maji ya kisima. Saba walikufa. Nililia, Mama. Mtu mzima, nimesimama chooni karibu na lile dirisha, nalilia samaki ambao hata kwenye ugali hawangetosha tonge moja.

Kumbe gapi wanapenda maji mazito kama haya yetu! Hata konokono ile chokaa iliyomo ndiyo wanajengea nyumba zao. Kwenye maji ya mvua magamba yangeendelea kuliwa pole pole mpaka yatoboke. Ni wale wa mstari wa buluu tu ambao hawakuyaweza ya kisima. Waliobaki kati yao niliwarudisha Machakos, nikabadilishiwa na gapi wengine. Yaani maji tuliyoyatukana miaka yote, kumbe yana wenyewe. Nikaliosha tangi, nikaanza upya, mara hii nikatia samaki wachache wachache, nikingojea nione kama waliotangulia wamekubali. Sasa wamezaana mpaka sijui yupi ni wa nani.

Na watu wanakaa, Mama! Wanakaa! Juzi mchinjaji amerudi, amepitia mlangoni kama mtu wa heshima. Konokono mmoja alikuwa anapanda kioo kutoka chini. Nilipomwita jina akanionyesha mkono, "Ngoja kwanza huyu afike juu." Chumba kizima kikaungana naye. Daktari alitoka na glavu zake akatukuta tumenyamaza kama watu wa maombi, akakaa naye pia. Konokono alipofika juu watu walipiga makofi, na mchinjaji akaingia ndani mwenyewe, akang'olewa, akatoka anacheka upande mmoja.

Sasa Mama, nimefika kwenye jino lako. Usimnyang'anye Wanjiru barua.

Nilimweleza daktari vile Musyoka aliniambia, shavu linafura, linapungua, linafura tena. Hakucheka. Alisema usaha wa jino kama hilo ukiachwa unaweza kushuka shingoni, mtu akakosa hata pa kupitishia pumzi. Nilipiga deki chumba ambacho kilikuwa kimeshapigwa deki. Naogopa, Mama. Siogopi kama mfanyakazi wa kliniki, naogopa kama mtoto wako ambaye hana mama mwingine mahali popote.

Na mimi nikuambie la kwangu. Nilikuwa na gego lililotoboka tangu kabla sijaanza kazi hapa. Kila siku nawaambia watu "haiumi, keti tu," nami nilikuwa natafuna upande mmoja kama wewe. Uoga huu nimeurithi, na ninajua kwa nani. Jumatano nilikaa kwenye kile kiti. Sitakudanganya: sindano ya ganzi inauma, unaweza kuhesabu mpaka kumi polepole. Baada ya hapo ni kelele tu na mkono wa mtu. Niliporudi nyumbani nililala usingizi ambao sijalala miaka miwili.

Wale samaki, daktari anafikiri niliwachagulia wagonjwa wake. Kila nilipotajiwa jina la samaki kule Machakos nilijiuliza jambo moja tu: Mama akikaa hapa amtazame huyu, atasahau koleo? Yule mkubwa wa meno ungemkemea. Hawa wadogo ungeanza kuwatafutia nani ni mama wa nani. Ndiyo maana nilichagua hao.

Jina lako nimeliandika Alhamisi, saa nne. Musyoka atakuleta, amekubali. Nitakushika mkono mpaka mwisho, daktari ameruhusu.

Msalimie Musyoka, kaka yangu mkimya, na mwambie asikubali kisingizio cha mbuzi anayetaka kuzaa. Msalimie Wanjiru, wifi yangu, ambaye koo limekauka sasa, mpe chai. Msalimie shangazi Kavata wa Nunguni, na mchungaji, na akina mama wote wa kwaya wanaokungojea uwashikie sauti ya pili.

Nakupenda kwa moyo wote.

Binti yako wa mwisho,
Mueni

Nimekumbuka jambo. Wanjiru, hapa soma kwa sauti kubwa. Daktari anasema usipofika Alhamisi, Jumamosi atakuja Kilungu mwenyewe na mkoba wake, mradi apikiwe muthokoi. Jumamosi ndiyo siku ushirika wa akina mama unakutana kwako, wote watakuwa pale uwanjani wakikutazama umefungua mdomo. Na huko nyumbani, Mama, hakuna samaki.