Kundi la Wageni

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, wewe na wifi na watoto. Natumaini mgongo umepunguza kukusumbua tangu mhamie huko, na wifi ameshawazoea majirani. Sisi huku tunasukuma siku. Mama anakula vizuri, ila kila jioni ananiuliza lini utampigia, nami namwambia una shughuli nyingi. Shemeji yako anakusalimu sana. Mafua yamemkaba sauti, kwa hiyo nyumba imetulia kidogo.

Utashangaa kwa nini naandika na simu ipo. Kwa simu ungenikatiza. Ningefika katikati ungesema, “Kitinda, yaishe,” kisha ungeanza kunibembeleza, nami ningekubali kubembelezwa.

Wifi alinipigia wiki iliyopita. Alisema mwalimu mkuu wa shule ya hapo alikuja kukuomba uwaunganishie kompyuta kumi na mbili, ukakataa. Ulimwambia mikono yako siku hizi inaharibu tu. Akasema vifaa vyako vya kazi umevigawa vyote, hata ile koleo ya kubania kebo uliyokuwa huruhusu mtu kuigusa. Nilibaki jikoni na simu mkononi mpaka chai ikapoa, shemeji yako akaja kuniuliza kama kuna msiba. Nikamwambia hakuna.

Niyaeleze tangu mwanzo, hata unayoyajua, maana nataka uyaone yamekaa kwa mpangilio.

Wakubwa walipotaka ofisi zote tano za kampuni ziwe na mtandao mmoja, kazi ya kuuchora nilipewa mimi. Kabla ya hapo kila swichi ya kugawia mtandao ilikuwa inawekewa maagizo yake kwa mkono, na zako za ofisi ya tatu ulizijua kama meno yako mwenyewe. Mimi nikachora mpango mwingine: maagizo yote yakae kwenye programu moja makao makuu, niandike mara moja, yasambae kila jengo kwa dakika chache. Kila kifaa kiwe na kundi lake. Wahasibu kundi lao, kamera kundi lao, na wageni wanaokuja na simu zao kundi lao, ambalo linapata intaneti tu na limefungiwa mengine yote.

Nilikuletea mchoro nyumbani. Uliutandaza juu ya meza ya chakula, ukaufuata kwa kidole jengo baada ya jengo, kisha ukauliza hiyo programu ikikosea itakosea ofisi ngapi. Nilicheka nikakuambia umezeeka. Ukacheka pia, lakini ukasisitiza kila badiliko lijaribiwe kwanza kwenye ofisi moja kwa siku mbili. Nikaliandika. Ukurasa wa kumi na tisa wa mpango ule ni maneno yako, ingawa juu yake kuna jina langu.

Miezi minne mambo yalikwenda vizuri. Mkurugenzi alikuwa akileta watu ofisini kwangu waone ramani ya majengo matano kwenye kioo cha kompyuta, yote ya kijani. Nilivimba kichwa, kaka, sikufichi.

Kisha ikaja ile Jumatatu. Mtunza ghala alifungua chumba baridi cha dawa cha ofisi yako akakuta joto kama la nje. Mtambo wa baridi ulikuwa umezima tangu Jumapili asubuhi. Vipimajoto viliona, lakini taarifa yao haikufika kwenye kengele ya hatari. Dawa za sukari na chanjo za wilaya tatu zikaharibika zote. Zahanati zikaambiwa zisubiri, na zikasubiri siku kumi na moja. Sijui ni nani alikwenda kuchukua dawa yake akarudi mikono mitupu, wala yaliyompata baadaye. Nimejaribu kuuliza. Hakuna anayeandika mambo hayo mahali nitakapoyaona.

Kamati ya uchunguzi ilipokaa, ilitaka kujua nani aligusa mtandao siku zile. Wewe ukasema mwenyewe, bila kuulizwa mara mbili, kwamba Jumamosi ulichomeka kebo ya printa mpya kwenye swichi ya ghala. Wakanigeukia mimi mtaalamu. Nikawaambia inawezekana kebo ile ilirudi kwenye swichi ileile, mtandao ukawa unajizungusha, taarifa zikazama humo. Waliitikia kwa vichwa kama watu walioelewa.

Tulipotoka, ulinivuta pembeni karibu na ngazi. Uliniuliza taratibu, “Kitinda, ni mimi kweli?”

Nikakujibu, “Ni ile kebo, kaka.”

Ukarudi ndani ukatia sahihi ya kukubali kosa na kuondoka kazini. Miaka ishirini na mmoja ya kazi, na hukuomba hata kalamu nyingine ile ya kwanza ilipokataa kuandika. Uliikandamiza tu mpaka ikakubali.

Kaka, haikuwa kebo. Ijumaa ile, saa kumi na dakika ishirini jioni, nilikuwa napanga upya makundi ya vifaa vya ofisi yako. Vipimajoto vya chumba baridi nikaviweka kundi la wageni. Kosa la mstari mmoja. Nilikuwa nawahi kuondoka, sikujaribu, nikabonyeza, nikachukua mkoba. Tangu dakika ile vipimajoto vyako vilikuwa vinapiga kelele kwenye mlango niliokuwa nimeufunga mimi.

Niliiona rekodi ya mabadiliko Jumatatu ileile kabla ya saa nne asubuhi, kabla hata kamati haijatajwa. Nikavirudisha vipimajoto kwenye kundi lao, nikanyamaza. Kebo yako niliipima pia. Ilikuwa nzima, umeichomeka mahali pake kabisa. Nilipokujibu pale ngazini nilikuwa ninajua.

Baada ya simu ya wifi nilikwenda kwa mkurugenzi nikamweleza yote. Alisikiliza, akainuka akafunga mlango. Aliniambia ripoti imeshapokelewa na faili limefungwa. Nikamwomba basi akurudishe kazini. Akashangaa kwa dhati. Akasema nafasi yako haipo tena, kwa sababu mpango wangu umeonyesha kwamba ofisi za nje hazihitaji kila moja fundi wake. Hilo ni kweli. Ni ukurasa wa pili, niliuandika mwenyewe nikidhani wewe hautakugusa. Nilimwachia maelezo yangu kwa maandishi. Aliyaweka kwenye droo bila kuyasoma, kisha akaniuliza ofisi ya sita itakuwa tayari lini.

Na kazi sijaiacha. Hilo nalo lijue. Kila asubuhi naamka nikisema leo ndiyo siku, kisha namtazama Mama anavyomeza vidonge vyake, navaa viatu nakwenda. Sina la kukuahidi.

Ndani ya bahasha nimeweka ukurasa wa rekodi. Utaona tarehe, saa na akaunti yangu. Mstari nimeupigia kalamu nyekundu. Uupeleke popote unapotaka, hata kama ni kwa watu watakaonifukuza. Sikuombi unisamehe, na tafadhali usiniandikie kwamba umenisamehe, kwa maana nakujua utafanya hivyo kabla hujamaliza kusoma. Kama hutaki tena kushika kazi hii, usiishike. Ila isiwe kwa sababu ya mikono yako.

Mama sijamwambia. Nitamwambia nikipata namna, na nahofia sitaipata.

Nisalimie wifi, umwambie nimepokea maneno yake yote. Watoto wakiuliza kwa nini shangazi haji siku hizi, usinitetee. Waambie nilichofanya, kwa maneno utakayoona wanayaweza.

Ni mimi mdogo wako,
Kitinda