Cheti cha Mwanafatuma

Kwale, 6 Mei 2024

Mjomba Makame,

Shikamoo. Natumai u mzima, wewe na mkaza mjomba. Mimi sijambo, alhamdulillahi, ila baridi ya huku mlimani. Simu yako haishiki, kwa hiyo nimempa Tofiki barua hii, kesho anakuja huko Jego.

Ofisi imenipa kazi ya kutathmini ule mradi wa vijana, kujua waliohitimu Desemba wamefikia wapi. Naanza na Mwanafatuma wako, kwa kuwa nilimwandikisha kwa mkono wangu. Amepata kazi ya upishi? Tafadhali mjaze fomu hii, mumpe Tofiki.

Mpwa wako,
Ummulkheir

Jego, 11 Mei 2024

Mpwa wangu,

Marahaba. Kwa mwili tu wazima.

Fomu yako haina mahali pa kuandika haya. Mwanafatuma alikwenda hoteli moja Diani. Mpishi mkuu akaonja wali wake, akaupenda. Ofisini wakataka cheti. Bwana mmoja akakisoma kwa sauti: "Mradi wa Vijana Walio Hatarini Kuingia Ugaidi." Akamwuliza, "Wewe ulitaka kujiunga na nani?"

Mwanangu akamjibu, "Nilitaka kujifunza kupika."

Walinzi wawili walimsindikiza hadi langoni. Habari zikafika Vanga, na wazazi wa Abubakar, mchumba wake, wamevunja posa.

Ummu, mwanangu alikuwa hatarini lini? Uliandika nini?

Mjomba wako,
Makame

Kwale, 20 Mei 2024

Mjomba wangu,

Shikamoo. Sijui nianzie wapi.

Nafasi za Jego zilikuwa ishirini, nami nilipata vijana kumi na watatu tu wenye sifa walizotaka. Mafunzo yalikuwa ya bure, na Mwanafatuma alikuwa amekaa tu nyumbani. Nikatia alama palipoandikwa kwamba ana jamaa aliyejiunga na makundi ya kigaidi. Niliona ni wino tu, hakuna atakayeusoma.

Nimeomba apewe cheti kingine kisicho na maneno yale. Bi Hannah, mkubwa wangu, amesema wafadhili ndio walioyachagua. Lakini ripoti naiandika mimi, na haya yote nitayatia. Mwambie asubiri. Nisameheni.

Mpwa wako,
Ummulkheir

Jego, 9 Septemba 2024

Ummulkheir,

Hakusubiri. Mwezi wa sita alikwenda Uarabuni kufanya kazi za ndani. Wakala hakumwuliza cheti. Alipiga simu mara moja, akasema akishamaliza kazi hufungiwa mlango kwa nje. Tangu hapo hatujamsikia.

Jumatano tuliitwa barazani tusomewe ripoti yenu. "Jego, vijana ishirini, wote wametoka hatarini." Nikasimama nikauliza: na Mwanafatuma binti Makame? Bibi aliyetoka ofisini kwenu akafunuafunua karatasi, akasema, "Huyu amepata ajira ng'ambo." Watu wakapiga makofi. Mkaza mjomba wako alikuwa amekaa katikati ya wanawake, na waliomzunguka walimpongeza. Akainuka, akaenda nyumbani peke yake.

Niliomba kuiona hiyo ripoti. Nimeisoma yote. Ya hotelini hayamo, ya posa hayamo. Ukurasa wa mwisho una sahihi yako.

Sikulaani, wewe ni damu ya dada yangu. Lakini wametangaza kwamba Januari mnarudi kuandikisha wengine. Nimekwisha kuanza kupita nyumba kwa nyumba, nawasimulia watu yaliyompata binti yangu. Mama yako akitaka kuja, mlango u wazi. Wewe usije.

Makame