Mbuzi wa Kuketi

Jumapili, 17 Novemba 1996

Imeamuliwa. Harusi ya Zipporah ni hapa hapa nyumbani, Jumamosi ya tarehe kumi na nne Desemba. Si kanisani. Mguu wa Baba haumruhusu kwenda mbali, na Zipporah amesema bila Baba kumwona akiapa haolewi. Pasta amekubali kuja. Mama alilia kwa furaha, kisha akauliza sufuria kubwa zitatoka wapi. Wote wakanigeukia mimi! Sawa. Mimi ndiye mkubwa, mimi ndiye mwalimu, mimi ndiye nisiye na mume wa kupikia.

Kusema kweli nimefurahi. Huyu mtoto nilimbeba mgongoni nikichota maji. Barnaba wake ni kijana mtulivu, fundi kwenye kiwanda cha sukari upande wa Butali. Anamsikiliza mpaka amalize kusema. Si jambo dogo, kwa mtu anayemjua Zipporah.

Jumatano, 20 Novemba

Mvua tena. Mahali pekee pa kuketisha wageni ni kati ya nyumba na ghala, na hapo ndipo Baba ameanika mahindi. Nikamwambia yahamie nyuma. Akasema mahindi yalikuwa hapa kabla ya Barnaba. Yatahama tu.

Alasiri nikaenda sokoni Mautuma kumwona Wangila wa posho mill, anayetusagia unga. Ana maturubai makubwa ya kuanikia nafaka. Nikamwomba tuyafunge juu ya miti siku ile, watu wapate kivuli. Akakubali bila maneno mengi. Alifiwa na mke zamani kidogo. Siku zote ana unga kwenye nyusi. Nilikaa pale kuliko ilivyohitajika. Basi.

Ijumaa, 29 Novemba

Wangila ameleta maturubai mwenyewe, na trekta, tuyapime. Yanatosha! Nguzo za mkaratusi, nne mbele, nne nyuma, meza ya keki chini ya dirisha la Mama. Nikamshukuru. Akanijibu akikunja kamba, hata hakuniangalia:

"Hata ya kwako nitaleta, mwalimu. Wewe niambie tu siku."

Kisha akapanda trekta akaenda zake. Harusi ya kwangu! Nilisimama pale uwanjani mpaka Mama akaniuliza kama naumwa. Pengine ni utani. Lakini Wangila si mtu wa utani.

Jumanne, 3 Desemba

Leo amefika Senge Navalayo, dada yake Baba, kutoka Iguhu, na kuku wawili na maneno yake. Chai haijapoa, akauliza bibi harusi atatokea wapi kwenda kwa mumewe. Kwa geti, nikasema. Baba akaanza kuangalia mguu wake.

Nilijua. Ila nilidhani mambo hayo yamelala. Kwetu mdogo hapiti geti la baba yake kuolewa kabla ya dada yake mkubwa. Zimebaki njia mbili. Ama ua wa siprasi unaozunguka boma ukatwe kule nyuma ya zizi, Zipporah atokee hapo. Ama mkubwa apokee mbuzi mweupe mbele ya wazee, na aseme kwa mdomo wake kwamba ameketi. Yaani hangoji tena mume, wadogo wapite. Nina miaka thelathini na saba. Hakuna aliyenitazama, na wote walikuwa wananitazama.

Nikasema naenda kuangalia maziwa jikoni. Hakukuwa na maziwa jikoni.

Jumamosi, 7 Desemba

Baba ameamua ua ukatwe. Hakusema kwa ukali. Anaogopa tu: akivunja desturi, kisha mtoto wa kwanza wa Zipporah augue, atajilaumu mpaka kufa. Simcheki. Tangu mguu uharibike amekuwa mtu wa kuogopa.

Zipporah hataki kusikia. Alinifuata nikisugua sufuria za kuazima.

"Dada, mimi siwezi toka kwa shimo ya ng'ombe na gauni nyeupe. Afadhali Barnaba arudi kwao."

Nikamwambia aache utoto. Akalia. Alilia hivyo hivyo nilipoenda chuo cha ualimu, amening'inia kwenye sanduku langu. Hakuniomba nipokee mbuzi. Hata kwa macho hakuomba, na hilo ndilo limeniuma. Angeomba, ningekasirika, mambo yakaisha.

Jumatano, 11 Desemba

Keki imefika kutoka Turbo, kona moja imebonyea. Tutaificha kwa maua. Mahindi yamehama, hatimaye! Kwaya wanaimba vizuri ila wanataka soda kila mazoezi. Baba amenoa panga la kukatia ua, limeegemea ukutani, na Zipporah anapita akiliangalia.

Nikamwambia Baba basi, alete mbuzi. Nilisema nikiwa nimebeba kapu la vitunguu, kama mtu anayeongea habari ya vitunguu. Baba akanishika mkono. Mama akaingia ndani. Zipporah alipoambiwa hakunishukuru, alinikodolea macho tu.

Wazee watakuja Ijumaa mchana. Wangila naye atakuwa hapa siku hiyo, anafunga maturubai. Atasikia. Asikie. Ni neno moja tu, nimeketi, na watoto darasani nawaambia kila siku, keti. Sijui kwa nini hili ni zito.

Alhamisi, 12 Desemba

Mbuzi ameletwa. Mweupe pe! Amefungwa mlangoni kwangu, ndivyo inavyotakiwa, na tayari amekula nusu ya daftari la hesabu la mtoto wa watu.

Mchana nilikuwa barazani na Senge, tunachambua mchele, wawili tu. Yeye pia alipitwa na mdogo wake, miaka hiyo. Nikamuuliza ilikuwaje. Akaokota jiwe, akalitupa.

"Mimi nilipokea nikiwa mdogo kuliko wewe. Watu wakanipigia makofi. Ile nyama iliisha hata Jumapili haijafika."

Akachota mchele mwingine.

"Kulikuwa na mtu alikuwa anakujanga kwetu. Aliposikia nimeketi, akaacha kukuja."

Akaendelea kuchambua. Miaka yote hii nimemwona Senge kama mlinzi wa desturi na mtu wa kelele. Leo nilitaka kumkumbatia, nikaogopa. Mchele ulikuwa safi. Tukaupitia tena mara ya pili.

Ijumaa, 13 Desemba

Jua! Uwanja umefagiliwa, maturubai yako juu, yanapiga kivuli kizuri cha kijani. Zipporah amelipamba geti kwa maua ya karatasi, mekundu na meupe, hata kabla ya kujua kama atapita hapo. Wangila alikuwa kwenye ngazi akikaza kamba. Nikampelekea chai. Akaipokea, akaniuliza polepole:

"Basi ile siku nilikuwa nangoja uniambie, niache kungoja?"

Nikasema chai ina sukari tayari. Ndivyo nilivyomjibu! Mwalimu mzima. Nikaingia ndani.

Sasa wazee wamekaa chini ya turubai. Nawaona kwa dirisha. Nimefunga kitambaa cha Mama kichwani kama nilivyoagizwa. Mbuzi analia mlangoni. Natakiwa nitoke nimeshika kamba yake, niseme neno, nimpeleke jikoni. Kazi ya dakika mbili.

Ila naliangalia geti. Nataka Zipporah apite pale kesho. Nataka sana, na gauni lake jeupe, na Baba akimwona. Na mimi nataka kupita pale. Sijawahi kuliandika hili hata humu. Mimi pia nataka kupita pale.

Nimwambie Baba hivyo? Mdogo apite kwa ruhusa yangu, na mimi sijaketi. Kama kuna lawama, mimi ndiye mkubwa, nitaibeba. Hakuna aliyewahi kuwaambia wazee hawa maneno hayo. Wanaweza kukataa, panga likachukuliwa, Zipporah akakosa geti kwa ajili ya tamaa yangu. Kwa maandishi haya hata darasa la kwanza watanishinda.

Nimefungua kamba.

Mbuzi alisimama kwanza, akanitazama. Kisha akatoka mbio, akapita katikati ya wazee, moja kwa moja hadi getini, na ua la karatasi mdomoni! Watu wanamfukuza barabarani. Senge Navalayo anacheka, sijawahi kumsikia akicheka hivi. Zipporah ametoka na nywele nusu zimesukwa. Wangila ameshuka kwenye ngazi, yeye hamfukuzi mbuzi. Anaangalia dirisha langu.

Baba anauliza nani amefungua kamba. Anauliza tena. Sasa ananiita kwa majina yote mawili, Dinah Nekesa, kama zamani nikivunja kitu. Natoka kumwambia. Viatu vyangu viko wapi?