Nilipopiga Marufuku Nyimbo Shambani

Usoke, Jumamosi jioni. Joto limekaza tangu asubuhi. Mawingu yamekusanyika upande wa Urambo, yanatuchungulia kisha yanaondoka zake. Viganja vinaniuma hata kalamu siishiki vizuri, lakini nina furaha, na nimeona nikiri hapa mwenyewe kabla Maganga hajaifikisha habari hii Tabora mjini.

Leo nimevuliwa ukoplo.

Nimerudishiwa kabla jua halijatua, ila si ule niliokuja nao asubuhi.

Huu ni mwaka wa pili tangu nirudi kutoka Burma. Hapa kijijini tuna kikundi cha kulima: leo tunalima kwa huyu, keshokutwa kwa yule, mpaka zamu izunguke nyumba zote. Mwenye shamba hutoa chakula na pombe ya mtama. Mbele ya wakulima hutembea manju, mtunzi na mwimbishaji, na majembe hufuata ngoma yake. Manju wetu ni Maganga, niliyekua naye, mtu mfupi mwenye mdomo usiojua likizo. Wiki iliyopita walikaa wakanichagua niwe msimamizi, kwa kuwa niliongoza watu vitani nikiwa koplo. Sitasema uongo, nilikitaka cheo hicho. Filimbi yangu ya jeshini nilikuwa nimekwisha kuing'arisha hata kabla hawajanitaja.

Leo ilikuwa zamu ya dada yangu Kristina. Shemeji alifariki mwaka jana, na dada amebaki peke yake na watoto wadogo. Shamba lake lisipoinuliwa matuta kabla ya mvua, mwakani atakula kwa watu. Ndiyo maana nilitaka mambo yaende sawasawa kuliko siku zote.

Niliwapanga mstari mmoja kama gwaride. Filimbi ikilia, majembe juu. Ikilia tena, majembe chini. Aliyetangulia nilimrudisha, aliyechelewa nilimngoja huku nimekunja uso. Mimi mwenyewe nilitembea nyuma yao, mikono mgongoni. Basi Maganga akapiga ngoma na kuanzisha wimbo mpya:

"Koplo filimbi anayo, jembe lake liko wapi?"

Shamba zima likaitikia. Wanawake walicheka mpaka wakaegemea mipini ya majembe. Dada yangu naye alicheka, nilimwona.

Damu ilinichemka. Jeshini nimeona mtu akitiwa ndani kwa kumcheka mkubwa wake. Nikapuliza filimbi, nikatangaza kwamba kuanzia hapo hakuna ngoma wala wimbo, ni kazi tu.

Wakanitii. Mjinga mimi, nikafurahi.

Kimya kilipoingia, kila mtu akaanza kuusikia mgongo wake. Mmoja alikwenda kunywa maji, hakurudi. Mzee Kasele akaketi kutoa mwiba mguuni, mwiba ambao nadhani haukuwapo. Hata saa nne haijafika, majembe yalikuwa yamelala na watu wamejikalia kivulini, wanazungumza Kinyamwezi kwa upole mno. Hakuna aliyenitukana. Walisema tu kwamba wamechoka, na pengine watamalizia zamu itakapozunguka tena. Tulikuwa tumelima robo ya shamba.

Dada akaniita jikoni. Hakupaza sauti.

"Mtama wangu wote uko kwenye hiyo mitungi," alisema. "Wakiondoka leo, siku nyingine nitawaita kwa kitu gani, mdogo wangu?"

Niliona aibu ambayo sikuiona hata siku niliyotumbukia mtoni na bunduki ya serikali.

Pale pale nikamkumbuka sajini wetu, Mapunda. Kule Burma, tukipanda milima kwenye matope, tulikuwa tukimwimba yeye: miguu yake mikubwa, na jinsi ilivyomaliza viatu vya stoo nzima. Naye aliitikia kwa sauti kuliko sisi sote, huku amebeba mzigo wake na wa askari mgonjwa. Siku moja afisa Mwingereza aliuliza tunaimba nini. Sajini akakakamaa, akajibu kwamba tunamsifu Mfalme. Tulicheka mpaka kambini, na siku ile hakuna aliyebaki nyuma. Babu yangu pia, aliyebeba pembe kutoka huku kwetu mpaka pwani, alikuwa akitusimulia nyimbo ambazo wapagazi walimtungia kiongozi wa msafara, na jinsi kiongozi huyo alivyozicheza.

Yote hayo niliyajua. Nimerudi na filimbi, mengine nikayasahau njiani.

Nikachukua jembe la dada, nikaenda mpaka walipoketi, nikasimama mbele ya Maganga.

"Uliniuliza jembe langu liko wapi," nikamwambia. "Hili hapa. Niulize tena, na ngoma juu."

 Maganga akaivuta ngoma yake, akainuka.

Nilishika tuta la pembeni, penye mizizi na udongo mgumu. Maganga alinitungia ubeti juu ya kila nilicho nacho: masikio yangu, kaptura yangu ya jeshi, hata ule uchumba wangu uliokwama Isikizya. Kila ubeti niliuitikia. Kufikia adhuhuri malengelenge yalikuwa yamepasuka, na sijapata kucheka hivyo tangu nirudi. Mzee Kasele alipona mwiba wake bila dawa. Jua likiwa bado juu ya miti, tuta la mwisho likainuliwa, na dada akagawa pombe huku anatembea kama msichana. Nilipomwona hivyo machozi yalinilengalenga, nikasingizia jasho.

Tukiwa tunakunywa, Maganga akaugeuza wimbo:

"Koplo jembe analo, filimbi yake iko wapi?"

Nikajipapasa shingoni. Haikuwapo. Bila shaka imefukiwa katika mojawapo ya matuta ya dada. Vijana walijitolea kuitafuta, nikawakataza, watabomoa matuta bure.

Jumatatu ni zamu ya Maganga mwenyewe. Jembe nimekwisha kulinoa, na tangu nilipoketi hapa natunga ubeti mmoja juu ya mdomo wake. Je, naye atauitikia?