Mlango wa Mama Mkwe

Jumatatu, 6 Oktoba 1975. Kibondo.

Tofali zimefika, nusu yake mbichi. Nimemfukuza mchomaji. Asubuhi baridi tena, makoti mawili kama mgonjwa. Kwetu Tanga saa hizi watu wanatafuta kivuli.

Kazi inakwenda. Inakwenda kwa sababu haina mabwana wawili. Kule Kasulu kanisa lilifuata desturi: huyu achore, yule ajenge. Kila walipogombana barua ilishuka Kigoma, ikarudi kwa wakati wake. Mvua ikazikuta kuta hazijaezekwa, zikalainika kama ugali. Safari hii kamati imenikabidhi vyote, ramani na mwiko. Nikiona kosa nafuta kwa kalamu yangu, na mchana huohuo ukuta unahama. Sina wa kumwomba ruhusa. Raha iliyoje.

Nyumba ni za wakimbizi wa Burundi, wajane na wazee kwanza. Kanisa halitafuti faida, kwa hiyo tofali nililookoa hapa linakwenda kwa mwenye shida mwingine. Nimechora nyumba pacha: ukuta mmoja katikati, baraza moja mbele, milango miwili imekaa pamoja, choo mwisho wa baraza. Naipenda. Sijaona nzuri kama hiyo wilaya nzima.

Jumanne, 14 Oktoba

Zakaria kanikera. Ndiye fundi wangu bora, naye ni mkimbizi. Pacha ya kwanza amepewa yeye na mkewe Daforoza, na upande wa pili kapewa mama yake Daforoza. Leo kaacha kujenga, kasimama. "Bwana Ramani, mlango wa kule ungeangalia migombani." Nikamuuliza kwa nini. Anatazama mwiko wake.

Nikamwambia ramani imekwisha. "Ego, Bwana," ndiyo kwa Kirundi. Akaendelea.

Alhamisi, 16 Oktoba

Amekuja Daforoza kusema alichoshindwa mumewe. Kwa desturi yao mama mkwe na mkwe hawaonani. Wakikutana njiani mmoja anaingia majanini, mwingine anajifunika kanga uso. Zakaria hata kumtaja hathubutu, ndiyo maana juzi alikuwa bubu. "Sasa mama atatoka wapi, Bwana? Njia ya choo inapita mbele ya mlango wetu."

Nimemwelewa vizuri sana. Nimekataa. Nikigeuza mlango mmoja, kesho wengine watataka dirisha, keshokutwa jiko. Isitoshe kamati nimekwisha waonyesha mchoro, wakapiga makofi. Mchagua nazi hupata koroma. Wamekimbia kwao bila kitu, leo wanachagua mlango unaangalia wapi!

Niandike ukweli, hakuna anayesoma hapa: kuugeuza ni kazi ya asubuhi moja.

Jumamosi, 8 Novemba

Mabati yamekaa. Watu wanahamia kwa nyimbo. Mama yake Daforoza hahamii. Amebaki katika kibanda chake cha nyasi nyuma ya kiwanja, mvua inamnyeshea, anatabasamu. Ameniletea maharage kwenye kikapu, kwa adabu zote, magoti chini. Nimeyala. Sijageuza kitu.

Mchungaji, mwenyekiti wa kamati, anasema wageni wanaokuja kufungua nyumba wasione vibanda.

Jumamosi, 15 Novemba

Tumebomoa kibanda. Zakaria niliyemwagiza alikwenda kusimama mbali, mgongo umegeuka, kwa kuwa mwenye kibanda alikuwa ndani. Nikawatuma wengine. Mama katoka na mkeka na chungu. Kajifunika uso, kapita barazani mbio kama mwizi, kaingia, kafunga mlango.

Nimefurahi. Sina haja ya kujificha, nimefurahi.

Jumapili, 16 Novemba

Hotuba, ngoma, pilau isiyo na chumvi. Mgeni mkubwa kanishika mkono: mtu mmoja achore na ajenge, kazi iende upesi hivi, basi na Kasulu tufanye vivyo hivyo. Nimepewa Kasulu! Mlango wa pili wa pacha ya kwanza ulikuwa umefungwa muda wote. Mchungaji akawaambia wageni kwamba bibi amelala.

Jumatano, 19 Novemba

Daforoza tena. Mama hatoki. Zakaria huondoka alfajiri na kuzurura hadi giza ili ampishe, lakini bibi haamini, kila hatua ya barazani anadhani ni yeye. Chakula anakila kidogo. Maji ameacha kunywa, kwa sababu anayekunywa maji lazima atoke.

Nikacheka. Kweli nilicheka, mbele yake. Nikasema kiu itamfundisha. Daforoza akasimama. Kaninyooshea mkono wa kuaga kama desturi, wa baridi.

Sikula vizuri jioni. Maharage, bila shaka.

Ijumaa, 21 Novemba

Nimekwenda na muuguzi kutoka hospitali. Tumegonga. Akajibu Kirundi, sauti kavu. Daforoza kanitafsiria: anashukuru kwa nyumba, nzuri sana, haijapata kuvuja. Anaomba mwanamume aliyeko barazani aondoke.

Mwanamume huyo ni mimi. Alidhani ni Zakaria. Nikaondoka, muuguzi akaingia peke yake. Alipotoka akasema homa, na mwili umekauka, apelekwe hospitali. Bibi kakataa kubebwa mchana, watu wa barazani wote wanatazama.

Nikaenda stoo. Fremu moja ya mlango imebaki. Nimeitazama. Nikasema kesho.

Jumamosi, 22 Novemba

Amefariki kabla ya jua kutoka.

Nilipofika, Zakaria alikuwa nyuma ya nyumba, upande wa migomba, anavunja ukuta wangu kwa nyundo. Daforoza alikuwa amemfunika mama yake kwa mkeka, uso na vyote, ndipo akamwita mumewe. Asitolewe kwa mlango wa mbele. Hata leo asipite mbele ya mkwe wake.

Nilitaka kupiga kelele. Ukuta ni wangu, ramani ni yangu. Zakaria hakuniomba ruhusa wala hakuniangalia. Alitoa tofali moja moja, akazipanga pembeni, hakuvunja hata moja. Kisha akaenda mbali, akasimama na mgongo wake, wanaume wengine wakaingia kubeba. Wamemzika. Hapahapa, nyuma ya migomba.

Ilichukua asubuhi moja.

Jumatatu, 24 Novemba

Mvua ndogo. Nimebeba fremu kutoka stoo mwenyewe, nimeiweka kwenye tundu, nimepima, imekaa sawa. Zakaria kanichanganyia udongo. Kabla ya chakula tulikuwa tumemaliza.

Mlango unaangalia migombani. Nimeufungua na kuufunga. Haulii.