Mama Mkwe Amekataa Mgomba wa Chupa

Mpendwa mshauri, naomba msaada kabla harusi yangu haijaota mbawa. Mimi ni Gladness wa Nyakato, nafanya kazi kwenye maabara ya kuzalisha miche, na mama wa mchumba wangu Venant ni Mama Teodora, Mhaya anayeishi Kigongo, ambaye alipoolewa alikuja na chipukizi la mgomba kutoka kwa mama yake Bukoba akalipanda nyuma ya nyumba, watoto wote wakakua kwa ndizi zake, sasa juzijuzi ziwa likajaa, maji yakaozesha mizizi, mama akalia kama amefiwa, mimi nikamwambia Venant anikatie ua la mgomba wa mwisho kabla haujaanguka, maabara tukatoa vipande vidogo, vikatupa viinitete, yaani vijitoto vya mmea vidogo kama punje ya ulezi, tukavilea kwenye chupa hadi vikatoa majani na mizizi, na mche mmoja sasa uko kwenye kopo kivulini, nami nikapanga kumkabidhi mama siku ya harusi mbele ya ukoo mzima, lakini Venant, mdomo wake hauna kufuli, akamwonyesha picha ya chupa bila kumweleza zaidi, mama akaja juu: "Mgomba huzaliwa ubavuni mwa mama yake! Huo ni yatima, haugusi kibanja changu, na msichana anayezalisha vitu kwenye chupa simtaki, harusi ingoje!" Nikisema ukweli sapraizi imekufa, nikinyamaza ndoa imekufa. Nifanyeje?

Gladness, pole, lakini kichwa chako kigumu kuliko mawe ya Mwanza! Mama wa watu anaomboleza mgomba wake, wewe mtoto wa mgomba huo umemficha unangoja makofi ya ukumbini? Sapraizi ni ya keki, binti yangu, siyo ya msiba. Tena mama hajakosea hata kidogo. Ameuliza swali la kila mkulima, mche huu mama yake nani, na jibu umelikalia wewe.

Jumamosi nenda Kigongo. Venant mwache nyumbani, atamaliza maneno yote mlangoni. Chupa ziache maabara, beba ule mche wa kwenye kopo uliokwisha kuzoea udongo, na habari za viinitete usihubiri. Piga magoti, mpe kwa mikono miwili, useme: "Shikamoo mama. Lile ua alilokata Venant kwenye mgomba wako wa mwisho, huyu ndiye mtoto wake."

Kisha funga mdomo. Mwache alie. Akiinuka kutafuta jembe, mfuate, mwombe aupande huko juu maji yasikofika, halafu nenda kashone gauni.